Fimbo ya Wifi

Ndugu yangu anatengeneza fimbo za gofu, na watu wakisikia hivyo hudhani ana kiwanda. Hana. Ana nusu ya chumba cha mbele. Nusu nyingine ni ya mke wake, wifi yangu, ambaye ni fundi cherehani, na mpaka wa nchi hizo mbili ni mstari wa chaki sakafuni ambao wifi huuchora upya kila anapoona vumbi la chuma limevuka. Upande wa kaka kuna jiliwa la kubania vyuma, msumeno, makopo ya gundi, na pipa lililojaa fimbo zisizo na vichwa. Upande wa wifi kuna cherehani mbili, meza ya kukatia na pasi. Mimi nakaa mlangoni kwenye stuli, kwa sababu tangu nistaafu kufua mashuka ya hoteli kazi yangu ni kutia vifungo na kupinda pindo, na mlangoni ndiko kwenye mwanga. Pia ndiko kunakosikika kila kitu. Sioni haya kulisema hilo.

Kaka alianza ujanani kwa kuwabebea wachezaji mikoba kwenye uwanja wa gofu ulio ng'ambo ya barabara, akawa anaokota fimbo zilizovunjika na kwenda kuzifungua nyumbani aone ndani kuna nini. Leo wachezaji wenyewe humletea, na uwanja mzima unamwita Mzee Inchi. Jina hilo kalipata kwa haki. Ukimpelekea fimbo ukamwambia, "Nikatie kidogo," atakurudisha nayo nyumbani. Kidogo si kipimo, atakwambia. Kidogo ni cha chumvi.

Kupima fimbo ya gofu, na hili nimeelezwa mara nyingi kuliko nilivyoomba, si kama kupima fito. Huilazi mezani ukavuta tepu toka ncha hii hadi ile. Inapimwa ikiwa imekaa vile itakavyochezwa: kichwa kimetua sakafuni, mpini umelala kumwelekea mchezaji, na kipimo kinaanzia sakafuni nyuma ya kisigino cha kichwa, ile pembe yake iliyo upande wa mpini, kinapanda na mgongo wa mpini hadi ukingo wa juu wa mpira wa kushikia. Kile kifuniko cha mviringo kilicho juu kabisa hakihesabiwi. Ndiyo maana kaka ana kibao chake, ubao mrefu wenye kabari ya mti chini, iliyokatwa kwa mshazari ili fimbo ikae ndani yake bila kushikwa, na namba ubavuni. Kibao hicho ndicho hakimu wa nyumba. Mteja akibisha, kaka habishani naye. Anaiweka fimbo kwenye kabari na kumwonyesha namba kwa kidole.

Kibao cha kwanza kilikuwa na rula ndefu ya chuma, lakini paa likavuja pembeni pale na kutu ikala namba zote. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," kaka akasema, akapiga randa ubao mpya. Tatizo likawa ni namba zitoke wapi. Jirani yetu muuza vifaa vya ujenzi alimletea tepu ya chuma, ile inayojikunja ndani ya kisanduku. Kaka akaivuta, akakishika kile kiulimi cha mwisho, akaona kinacheza mbele na nyuma, akamrudishia mwenyewe.

"Ulimi unaocheza ni wa mwongo," akasema. "Siandiki kibao changu kwa maneno ya mwongo."

Rula fupi za wanafunzi nazo alizikataa, kwamba kila zinapoungana zinaibiana. Basi akakaa na ubao mtupu kwa muda, mpaka siku moja mimi na wifi tulirudi kutoka kupeleka sare za shule tukakuta kibao kipya ukutani, namba zimechomwa kwa msumari wa moto, moja baada ya nyingine, zimenyooka. Kaka alikuwa amesimama mbele yake kama bwana harusi. Tukasifu, akaenda kunawa mikono. Namba kazitoa wapi, hatukuuliza.

Sasa nije kwa wifi. Huyu ndiye anayeshona bendera ndogo zinazosimama kwenye mashimo ya uwanja ule, na kofia za kuvisha vichwa vya fimbo visikwaruzane. Kashona miaka na miaka, na hajapiga mpira hata mmoja. Kila mwaka kabla ya mashindano makubwa, uongozi huwaachia uwanja wafanyakazi na mafundi pamoja na familia zao mchana mmoja, kila mtu apige apendavyo. Wifi huenda na chupa ya chai, akakaa kivulini kutazama. Mwaka jana mke wa mlinzi alipiga mpira mmoja ukalia, ule mlio mkavu, kisha ukapanda mpaka tukaukosa machoni. Wifi alirudi nyumbani na chupa yake ya chai. Ilikuwa baadaye sana, tukipinda mapazia ya mtu, ndipo akaniambia.

"Wifi, mimi nautaka ule mlio. Nautaka utoke mikononi mwangu. Mara moja tu, halafu nirudi kwenye cherehani yangu."

"Umemwambia mwenye fimbo zake?"

"Naogopa atanicheka."

Hakucheka. Kaka alifurahi mpaka akavuka mstari wa chaki na viatu vyake vya vumbi, na wifi akamwacha. Akamtazama mkewe juu hadi chini, akasema mtu wa urefu wake anafaa fimbo ya aina iitwayo namba saba, inchi thelathini na sita, isiongezwe wala isipunguzwe. Alichagua kichwa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, akakata mpini, akapiga msasa, akatia gundi, akavalisha mpira mwekundu wa kushikia. Sijamwona akimfanyia mteja yeyote kazi ya namna ile. Alipoiweka kwenye kabari, ilisimama kwenye thelathini na sita barabara.

Wifi naye hakukubali kupitwa. Aliishonea fimbo hiyo mfuko mrefu wa kitambaa cha maua kilichobaki kwenye yale mapazia, akaubana kama anavyombana bibi harusi, pasiwe na hata nafasi ya pumzi. Juu kulikuwa na mkunjo wa kufunika, na mimi nikatia kifungo. Mfuko ulifunga vizuri mpaka tukaufungua na kuufunga tena kwa raha tu.

Mazoezi yalikuwa kwenye ua wa nyuma. Kaka alitundika zulia kuukuu kwenye kamba ya nguo lizuie mipira, akamweka wifi mbele yake. Wifi akainua, akashusha, fimbo ikakuna mpira kichwani. Mpira ukabingirika hadi kwenye beseni. Akapiga wa pili, vilevile. Wa tatu hakuugusa kabisa.

"Inama," kaka akasema.

"Nimeinama."

"Inama zaidi. Kunja magoti. Unainua mgongo."

"Huu mgongo unashinda umeinama juu ya cherehani, wewe utaufundisha nini? Fimbo ni fupi."

Kaka akaichukua fimbo, akaingia ndani, nasi nyuma yake. Akaiweka kwenye kabari. Kidole kikasimama kwenye thelathini na sita.

"Mchagua jembe si mkulima," akasema.

Nilicheka, maana wifi ni wifi, na utani ni haki yangu. Lakini mchezo uleule ulirudiwa kila jioni. Wifi anakuna vichwa vya mipira, kaka anamwambia ainame, wifi anasema fimbo ni fupi, kaka anakwenda kwenye kibao. Ikafika mahali wifi akawa anaamka ameshika kiuno, na kaka akawa anamwonea huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyonikera. Mtu akikupigia kelele unaweza kumjibu, lakini akikuonea huruma utamwambia nini?

Siku chache kabla ya ule mchana wenyewe, wifi alipiga mpira ukaishia miguuni mwake. Akautazama.

"Basi mbovu ni mimi," akasema.

Hakusema kwa hasira. Aliifuta fimbo kwa upindo wa gauni, akaivika mfuko wake, akafunga kifungo, akaisimamisha nyuma ya mlango. "Nitakuja na chupa ya chai kama kawaida." Nilikaa kwenye stuli yangu na sindano mkononi nikaumia kweli. Wifi yangu hajaomba makubwa maisha yake yote. Aliomba mlio mmoja.

Huzuni ya wifi lakini haizuii kazi. Kesho yake akasema mumewe hawezi kwenda mbele za watu na ile suruali yenye gundi, atamshonea nyingine. Akamsimamisha upande wake wa mstari, akamzungushia tepu kiunoni.

"Thelathini na nne," akaniambia, nami nikaandika kwa chaki pembeni mwa kitambaa.

Mtu anayeitwa Mzee Inchi hapimwi bila kukagua. Kaka akainamisha shingo kuangalia tumbo lake. "Tano," akasema. "Thelathini na tano. Naiona."

"Nne."

"Mke wangu, kidole chako kiko kwenye tano."

"Kidole kiko kwenye tano, kiuno chako ni nne. Tepu hii haina inchi ya kwanza. Ncha yake ilichakaa nikaikata, kwa hiyo inaanzia moja, nami natoa moja. Hata wifi anajua."

Kweli nilijua. Tepu ile ilikatwa zamani, na kwa kuwa ni laini na imezoea shingo ya mwenyewe, wifi hakutaka nyingine. Kutoa moja kwake ni kama kupumua. Hakuna nguo yake hata moja iliyowahi kukosea.

Kaka aliinua kichwa. Tangu tuzaliwe sijamwona ndugu yangu akiacha ubishi katikati. Macho yake yalitoka kwenye tepu, yakaenda ukutani kwenye kibao, yakarudi kwenye tepu.

"Simama wima," wifi akamwambia. "Umelegea nini?"

Akasimama wima, akapimwa mapaja na miguu kama mtu anayesomewa hukumu. Wifi alipokwenda nyuma kuwasha jiko la pasi, kaka akanisogelea.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "kibao nilikiandika kwa tepu hiyo. Siku mliyopeleka sare. Mliiacha mezani."

Ilinichukua muda kuelewa. Kumbe aliiweka ile ncha iliyokatwa chini kabisa kwenye kabari, akaamini hapo ndipo hesabu inapoanza, akachoma namba zake moja baada ya nyingine kwa unyoofu wote. Kibao kikisema thelathini na sita, ukweli ni thelathini na tano. Tepu ya chuma aliikataa kwa sababu ya kiulimi, akaenda kuiamini ya kitambaa isiyo na kichwa. Nilitaka kucheka, nikauona ule mfuko wa maua nyuma ya mlango, kicheko kikakwama.

Alikwenda kwa muuza vifaa vya ujenzi mwenyewe, akaazima ile tepu ya chuma, akakipima kibao. Inchi moja kamili haikuwapo. Jirani akachukua nafasi hiyo kumweleza kwamba kile kiulimi kimeachwa kicheze makusudi, kinasogea kadiri ya unene wake, ili kipimo kiwe kilekile ukivuta kutoka ukingoni au ukisukuma ukutani. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, na kwa anayemjua, hiyo ni adhabu tosha.

Siku iliyofuata wifi alitoka kwenda kununua uzi. Mlango haujatulia, kaka alishaitoa fimbo mfukoni. Akauchana ule mpira mwekundu akautupa, akatia kipande cha bomba jembamba kwenye mdomo wa mpini kwa gundi ya kukauka haraka, akavalisha mpira mwingine mwekundu akiutelezesha kwa petroli. Safari hii alipima kwa tepu ya chuma. Kisha akairudisha mfukoni, akausimamisha pale pale nyuma ya mlango.

"Utamwambia?" nikamuuliza.

"Akipiga vizuri si imetosha?"

"Haijatosha. Ulimwambia mgongo wake ndio mbaya."

"Sikusema mbaya. Nilisema ainame."

"Kaka."

Akawa anafuta jiliwa lililokuwa safi. "Dada, uwanja mzima unanijua kwa jambo moja tu. Nikisema fimbo ya mke wangu mwenyewe niliipima vibaya, kesho nani ataniletea yake? Na tangu nikiandike kibao hicho nimetoa nyingine moja tu, ya dereva wa mashine ya nyasi. Acha apige kwanza. Atafurahi, basi."

Nilimkasirikia. Ningeweza kwenda kumwambia wifi mwenyewe, na mdomo wangu, wanaonijua watakuambia, haukosi kazi. Lakini neno lile halikuwa langu. Likisemwa na mimi lingekuwa umbea tu. Nikanyamaza, na kunyamaza kulinichosha kuliko kufua.

Mchana wenyewe ulifika na jua la wastani. Kaka alivaa suruali mpya, na sitasema uongo, ilimkaa vizuri mno. Asubuhi alimbembeleza wifi aichukue fimbo, apige mmoja tu, asipopiga vizuri basi. Wifi alikwenda nyuma ya mlango akakaa huko kidogo. Akatoka nayo kwenye mfuko, akaukumbatia, akasema haya, twende. Sura yake haikuniambia kitu.

Uwanjani walikuwa wakata nyasi, wabeba mikoba, wapishi, walinzi na watoto wao, wengi na fimbo za kuazima. Dereva wa mashine ya nyasi, mtu mfupi mwenye maneno mengi, alikuwa anamwonyesha kila apitaye fimbo yake mpya. Zamu ya wifi ilipofika, alinipa chupa ya chai nimshikie. Kwa miaka yote ile chupa haijawahi kutoka mkononi mwake siku hiyo. Akatoa fimbo mfukoni, akasimama mbele ya mpira. Akairekebisha mikononi. Akamtazama mumewe, si kwa muda mrefu. Kaka akatazama viatu vyake.

Wifi akainua, akashusha.

Ulilia. Ule mlio mkavu, ule wenyewe. Mpira ukapanda juu ya miti ya pembeni, ukakaa huko kana kwamba hauna haraka, ukashuka kwenye majani mbali. Wifi hakuufuata kwa macho. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anausikiliza mlio ambao ulikuwa umeshakwisha. Mimi nililia, nami silii ovyo.

Watu wakapiga makofi. Mbeba mikoba mmoja mzee akamgeukia kaka. "Mzee Inchi, hongera. Umefundisha."

Hapo ndipo nilipomwombea ndugu yangu. Kusema "asante" kungetosha, na pale uwanjani hakuna ambaye angejua kitu ila mimi na yeye. Aliuweka mkono mfukoni mwa suruali mpya, akautoa.

"Sikufundisha," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia kwa nguvu. "Sikufundisha. Fimbo ilikuwa fupi. Niliipima vibaya, kwa inchi nzima. Yeye alisema tangu siku ya kwanza, mimi nikamwambia mgongo wake ndio wenye makosa."

Kisha dereva wa mashine ya nyasi akauliza, "Kumbe na yangu?"

"Na yako. Niletee niirekebishe."

"Siileti," dereva akasema, akaificha nyuma yake. "Tangu nianze kucheza hii ndiyo fimbo ya kwanza inayonisikiliza."

Watu wakacheka wakarudi kwenye mipira yao. Hakuna aliyeondoka akimdharau kaka, na wiki iliyofuata mikoba ilikuja kwa kaka kama kawaida. Lakini hilo hatukulijua bado. Pale kaka alibaki amesimama mbele ya mkewe kama mtu anayengoja kupigwa.

"Najua," wifi akamwambia.

"Unajua nini?"

"Asubuhi nilikwenda kuufungua mfuko niitazame fimbo, nikakuta haukufungwa. Nikajaribu kuufunga mimi, kifungo hakifiki. Mfuko nimeushona mwenyewe, najua umeacha nafasi gani. Haukuacha. Nikasema, basi kuna mtu kaongeza inchi." Akampangusa kaka uzi begani, uzi ambao mimi sikuuona. "Nikawa nakungoja."

"Ungeningoja mpaka lini?"

"Mpaka jioni. Usingesema, kesho ningekupunguzia hiyo suruali inchi moja kiunoni, uwe unainama nayo."

Kaka akacheka, na machoni alikuwa na maji. Akataka kusema kitu kirefu, nilimwona anakitafuta, lakini wifi alikwisha kuweka mpira mwingine kwenye majani.

"Sogea," akamwambia. "Umenizibia."

Kibao kiliandikwa upya, kwa tepu ya chuma, na jirani akasimama pembeni akisimamia kama fundi mkuu. Tepu ya wifi iko shingoni mwake vilevile, inaanzia moja, na kaka sasa hawezi kuiona bila kutoa moja kwa sauti. Mimi ndiye niliyeachiwa ule mfuko niurefushe. Kitambaa cha maua kilikuwa kimekwisha, nikasema nitafute kinachofanana nikiunge kwa ndani, kiungo kisionekane. Wifi akakataa. Akanipa kipande cha ile suruali ya zamani ya kaka, yenye madoa ya gundi, akaniambia nikitie hapo juu, nje, inchi moja, watu wakione. Nilikitia. Kifungo kinafika.